UZI: Albamu bora za lebo huru, mwaka 2020. Taja lebo, pa kuanzia, na kinachoiharibu

#1 MshikaSanturi

Wadau, uzi huu ni wa mwaka mmoja pekee, 2020. Inayohesabika ni tarehe ya kutoka, si ya kurekodiwa. Lebo isiwe mali ya Universal, Sony wala Warner, zile kampuni tatu kubwa za muziki. Hata ikijiita jina lingine, kama mwenye nyumba ni mmoja wa hao watatu, haiingii. Na tafadhali usiandike "hii ni kali" kisha upotee. Tupe lebo, urefu au idadi ya nyimbo, wimbo wa kuanzia kwa mgeni, na kitu kinachoiharibu albamu hiyo masikioni: simu, spika, mipangilio ya programu, chochote. Mtu akitoka hapa awe anajua abonyeze nini.

Naanza na mbili za nyumbani. Mwaka ule Nairobi ilitoa albamu mbili zilizokaa kwenye ncha mbili za kamba moja, moja kelele tupu na nyingine karibu na kimya, na zote mbili zinastahili kuwekwa juu kabisa bila kuhurumiwa eti kwa kuwa ni zetu.

Ya kwanza ni Duma, albamu yenye jina la kundi lenyewe. Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Agosti 2020, nyimbo tisa. Sauti ni ya Martin Khanja, utayarishaji na gitaa ni wa Sam Karugu, wote wawili wametokea kwenye bendi za metali (roki nzito) za hapa jijini. Jina si yule mnyama mwenye mbio. Linatokana na giza, kwa Gikuyu. Walirekodi Kampala mwaka 2019. Dramu ni za kompyuta na zinakwenda kwa kasi ambayo mikono ya mtu haiwezi kuihimili, kisha Khanja anapiga mayowe juu yake kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Anza na "Lionsblood".

Kinachoiharibu ni spika ya simu. Spika ndogo kama ile haina nguvu chini ya takriban hertzi 300, kwa hivyo kishindo chote cha dramu kinafia njiani na unabaki na mayowe na mikwaruzo ya juu. Ndipo mtu anasema "hii ni kelele tu", na kweli kilichomfikia ni nusu ya muziki. Vaa hedifoni za waya, au tumia spika yenye koni ya inchi 5 kwenda juu. Kwenye ikwaliza (pale pa kurekebisha besi na sauti za juu) usiongeze besi, imejaa tayari. Punguza desibeli 2 au 3 kati ya hertzi 3,000 na 4,000, pale ambapo sikio la binadamu huumia haraka, halafu ongeza sauti kidogo. Hapo mapigo yanaachana na unaanza kusikia kwamba kila wimbo una ramani yake.

Ya pili ni "Peel" ya KMRU, Editions Mego, lebo ya Vienna. KMRU ni Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018. Nyimbo sita, zaidi ya saa moja, na wimbo wa mwisho wenye jina la albamu unazidi dakika 20 peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kiitikio. Ni sauti za mahali zilizonaswa na kinasa, zikanyooshwa na kulazwa juu ya sauti za mashine hadi hujui kama unasikia upepo, umeme au umati ulio mbali. Anza na wimbo wa kwanza, "Why Are You Here", na usiruke, maana mabadiliko yake huja polepole kama kivuli cha jengo mchana.

Hii inaharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha chini cha data. Programu nyingi zikiona mtandao ni dhaifu zinashuka zenyewe, na muziki wa sauti ndefu ndio unaofichua uharibifu huo mapema. Utasikia kitu kama maji yanayochemka kwa mbali juu ya sauti. Hilo halimo kwenye albamu. La pili ni ile mipangilio ya kupishanisha nyimbo, mmoja unafifia mwingine unaingia. Iweke sekunde 0.

Mwaka uleule alitoa pia "Jar" kwa Seil Records na "Opaquer" kwa Dagoretti Records. Ukipenda "Peel", "Jar" ndiyo ya kufuata. Ni laini zaidi.

#2 Besi_ya_Rongai

Fiona Apple, "Fetch the Bolt Cutters", inaingia? Ameirekodi nyumbani kwake, anagonga hata kuta. Hakuna kitu huru kuliko hicho.

#3 MshikaSanturi

Haiingii, kaka. Epic ni ya Sony. Ni albamu kubwa, na ilirekodiwa kwa uhuru wote, ila hapa tunahesabu nani anamiliki, si namna gani mtu alijisikia akiwa studio. Kwa mizani hiyohiyo "The Slow Rush" ya Tame Impala imebaki nje. Iko chini ya Universal.

#4 Kinanda_Umoja

Basi naleta kesi ngumu zaidi. Mpiga dramu Tony Allen na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, "Rejoice", World Circuit, Machi 20, 2020. World Circuit ilinunuliwa na BMG mwaka 2018, na BMG ni mali ya Bertelsmann ya Ujerumani. Si mmoja wa wale watatu, lakini si mtu mdogo.

Nyimbo zilianza kurekodiwa London mwaka 2010 na zikalala kabatini. Masekela alifariki Januari 2018, kanda zikafunguliwa, Allen akasimamia kumalizia 2019. Ilitoka Machi, na yeye akafariki Paris Aprili 30, wiki sita tu baadaye. Kwa hivyo hii ndiyo albamu ya mwisho aliyoiona ikitoka yenye jina lake mbele, na pembe ni ya rafiki aliyetangulia.

Anza na "Never", ule wa Lagos na Fela. Sikiliza mkono wa kushoto wa Allen kwenye snea, ile dramu yenye mlio mkavu. Wapiga dramu wengi huweka pigo zito pale unapolitarajia. Yeye analiweka kando, kisha anajaza nafasi kwa mapigo madogo yasiyo na nguvu, yale ya kugusagusa ngozi. Hayo mapigo madogo ndiyo yanayoibeba afrobeat yote. Kinachoiharibu ni spika za kubebeka zinazobana sauti ili zionekane kubwa: zinainua kidogo na kushusha kikubwa hadi vyote vinakuwa sawa, na Allen anageuka mashine. Kama spika yako ina kitufe cha kuongeza besi, kizime kabla ya kucheza hii.

#5 DadaWaKaseti

Kuhusu kesi hiyo, mimi ningeiingiza. Lakini wadau tutenganishe kumiliki na kusambaza, maana watu huchanganya hapo. Lebo huru inaweza kusambazwa na The Orchard, ambayo ni ya Sony, na bado ikabaki huru kwa sababu haki za rekodi hazijauzwa. Ukisoma mstari mdogo chini ya albamu, ile herufi P ndani ya duara ndiyo inayotaja mwenye rekodi. Angalieni hapo, msiangalie jina la msambazaji.

#6 MshikaSanturi

Dada amesema kweli. "Rejoice" imeingia. Na hiyo ya P kwenye duara iwe kanuni ya uzi.

#7 DadaWaKaseti

Sasa yangu. Adrianne Lenker, "songs" na "instrumentals", 4AD, Oktoba 2020. Albamu mbili zilizotoka pamoja. 4AD iko chini ya Beggars Group, huru kabisa. "songs" ina nyimbo 11, dakika 39. "instrumentals" ina nyimbo mbili tu: "music for indigo" ya dakika 21 na "mostly chimes" ya 16.

Zilirekodiwa kwenye kibanda cha mbao cha chumba kimoja huko Massachusetts, Aprili 2020, yeye na mhandisi Phil Weinrobe, kwenye utepe. Hazikupita kwenye kompyuta katika kurekodi wala kuchanganya. Faida yake inasikika: gitaa la nyuzi za chuma liko karibu hadi unasikia kucha ikiachia uzi kabla ya noti kulia, na nyuma yake kuna mvua, ndege na mbao zinazolia. Kwenye "come" mvua ni sehemu ya wimbo, kama ala ya pili.

Anza na "anything", halafu "zombie girl". Kinachoiharibu ni watu wanaodhani ule mvumo wa utepe ni kasoro ya faili yao. Mvumo ni wa kanda, ni sauti ya chembe za sumaku zenyewe zikipita mbele ya kichwa cha kusomea. Usitumie programu za kusafisha sauti. Zinang'oa mvumo pamoja na pumzi yake. Na usiisikize na zile hedifoni za kuzima kelele ukiwa umewasha hali ya kupitisha sauti za nje, maana maikrofoni zake zinaongeza mvumo wao juu ya ule wa utepe.

#8 Mtaa_wa_Tatu

Swali la bando. Mko mnasema kiwango cha chini kinaharibu, sawa. Kwa mtu wa data ya kununua kila siku, albamu moja inakula kiasi gani?

#9 Fundi_Sauti

Hesabu ni rahisi, zidisha dakika tu.

Kilobiti 96 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha Spotify, ni takriban MB 0.72 kwa dakika. Kilobiti 160 ni MB 1.2. Kilobiti 320 ni MB 2.4. Faili kamili isiyobanwa ya ubora wa CD ni karibu MB 10.6 kwa dakika. FLAC inaibana hiyo bila kupoteza chochote, ila kiasi inachobana kinategemea muziki wenyewe.

Kwa hivyo "songs" ya dakika 39 ni MB 28 kwa kiwango cha kawaida, MB 94 kwa 320. FLAC yake ni nyepesi kwa sababu ni sauti moja na gitaa moja. Duma ni kinyume: kelele iliyojaa haina mpangilio wa kutabirika, na FLAC hubana kwa kutabiri, kwa hivyo faili inabaki nzito. Usishangae ukiona albamu mbili za urefu unaokaribiana zikipishana kwa MB mia moja.

Ushauri: usisikize mtandaoni mara tano kwa ubora duni. Shusha mara moja kwa ubora mzuri ukiwa kwenye WiFi, isikize bila mtandao. Ukiisikiza mara nne kwa 96 umeshatumia data nyingi kuliko faili moja ya 320, na hujawahi kuisikia vizuri hata mara moja.

Jambo lingine: Bluetooth. Hata ukiwa na FLAC, kodeki ya msingi, SBC, yaani njia yake ya kufungasha sauti, inabana tena njiani. Kwa "Peel" na "songs" waya bado una maana. Kwa Duma tofauti utaitafuta sana.

#10 Korongo_Nyayo

Hakuna aliyetaja Nihiloxica? "Kaloli", Crammed Discs, Juni 2020. Hawa ni wapiga ngoma wa Kampala waliotoka Nilotika Cultural Ensemble pamoja na watayarishaji wawili Waingereza. Kaloli kwa Luganda ni yule korongo mkubwa mwenye shingo ya upara, hao hao waliojaa kwenye miti ya Nyayo pale karibu na uwanja. Na wimbo "Black Kaveera" unataja ule mfuko wa plastiki ambao sisi tuliupiga marufuku 2017.

Ngoma ni za Buganda. Empuunyi ndiyo ya chini, inashika ardhi. Nankasa inapigwa kwa vijiti, kavu na ya haraka. Engalabi ndiyo ndefu, ngozi yake ni ya kenge, inapigwa kwa viganja na inatoa mlio wa katikati unaochoma. Juu ya hizo wanalaza sintesaiza nzito ya giza. Anza na "Supuki" au "Tewali Sukali".

Inaharibiwa na mfumo wa sauti wa matatu. Najua mtu anafikiri ngoma na besi ya matatu ni ndugu. Si hivyo. Mifumo mingi imepandishwa chini kabisa na juu kabisa, katikati pameachwa bonde, na engalabi inaishi katikati. Ukiisikia kwenye gari utasikia empuunyi na milio ya juu, na mazungumzo yote ya viganja yamepotea. Nyumbani, pandisha desibeli 2 kati ya hertzi 400 na 1,000, uone wapiga ngoma wakitokea mmoja mmoja.

#11 Besi_ya_Rongai

Nimekubali ya Fiona. Basi Phoebe Bridgers, "Punisher", Dead Oceans, Juni 2020, nyimbo 11, dakika 40. Dead Oceans ni ya Secretly Group, huru.

Anza na "Kyoto", ina tarumbeta na inakwenda mbio kuliko nyingine. Ila kiini ni wa mwisho, "I Know the End". Unaanza kwa sauti ya kunong'ona na unaishia kwa bendi nzima, pembe na mayowe, kisha pumzi tupu. Kosa la watu ni kuweka kiasi cha sauti kwenye mwanzo. Mwanzo ni mdogo, mtu anapandisha, na dakika ya nne inamrukia. Fanya kinyume: peleka mbele hadi dakika ya tano, weka sauti pale unapostahimili, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Mwanzo utasikika mdogo. Ndivyo ulivyokusudiwa.

#12 Fundi_Sauti

Ongezea hapo kusawazisha sauti. Spotify inasawazisha nyimbo zote zifikie kiasi kimoja. Ukicheza albamu nzima kwa mpangilio wake, inapima albamu kama kitu kimoja, na wimbo mdogo unabaki mdogo. Ukiichanganya na nyimbo nyingine kwenye orodha yako, kila wimbo unapimwa peke yake, na ule uliokusudiwa kuwa mnong'ono unapandishwa hadi ulingane na wa kelele. Kwa albamu zote za uzi huu: usichanganye nyimbo, cheza kutoka kwenye ukurasa wa albamu.

#13 Kinanda_Umoja

Fleet Foxes, "Shore", Anti-, nyimbo 15, dakika 55. Ilitolewa Septemba 22, 2020, dakika ileile ya ikwinoksi (mchana na usiku vinapolingana), saa 13:31 kwa saa ya dunia. Kwetu ilikuwa saa kumi na dakika 31 jioni. Wimbo wa kwanza hauimbwi na Robin Pecknold, kiongozi wa bendi. Anaimba Uwade, binti mzaliwa wa Nigeria. Ndio wa kuanzia.

Haiharibiki kirahisi, hii. Imechanganywa kwa uwazi, hata spika ya jikoni inaitendea haki.

#14 Mtaa_wa_Tatu

Na ile ya wimbo mmoja? Niliona mahali albamu ina wimbo mmoja tu. Nilidhani faili imekatika.

#15 MshikaSanturi

Haijakatika. Ni "Microphones in 2020" ya The Microphones, yaani Phil Elverum, kwenye lebo yake mwenyewe P.W. Elverum & Sun, Agosti 2020. Wimbo mmoja, dakika 44 na sekunde 44. Jina la The Microphones alikuwa ameliweka kando tangu 2003 akawa Mount Eerie, kisha akalirudia kwa albamu hii ya kueleza jina lenyewe lilikuwa nini.

Dakika saba hivi za mwanzo ni gitaa tu, kodi mbili (noti kadhaa zikipigwa pamoja) zikipishana. Hapo ndipo wengi wanaondoka. Lakini sikiliza kwa makini: kuna gitaa kushoto na kulia, hayajafungamana sawasawa, na ile tofauti ndogo ya mapigo inatengeneza wimbi linalokuja na kuondoka. Sikio likishazoea wimbi hilo, anapoingia kuimba unahisi chumba kimefunguliwa dirisha. Ukiruka hizo dakika saba, sauti yake inaingia kama ya mtu yeyote.

Kwa 320 ni MB 107. Faida ni kwamba haina cha kupishanisha wala kuchanganya. Hatari ni moja: programu nyingi za simu hazikumbuki ulipofikia kwenye wimbo, kwa kuwa zinadhani wimbo ni wa dakika nne. Simu ikipigwa na programu ikifungwa, unarudi sifuri. Tumia kichezaji chenye kukumbuka mahali, kile cha vitabu vya kusikiliza kinafaa kabisa.

#16 Besi_ya_Rongai

Hiyo ya kichezaji cha vitabu ni akili. Asante.

#17 Wanja_Muziki

Waxahatchee, "Saint Cloud", Merge, Machi 2020, nyimbo 11, dakika 40. Brad Cook alitayarisha. Gitaa safi, sauti mbele, hakuna kitu kinachomfunika. Kwa mtu wa rhumba anayetaka mlango wa kuingilia muziki wa namna hii, mpe hii kabla ya zote mlizotaja. Maneno yanasikika yote na gitaa halina ukungu.

Na SAULT. Mwaka ule walitoa mbili kwa lebo yao Forever Living Originals: "Untitled (Black Is)" Juni 19, na "Untitled (Rise)" Septemba 18. Ya kwanza ina vipande 20 ndani ya dakika 56, na Michael Kiwanuka, Mwingereza mwenye wazazi kutoka Uganda, yumo kwenye "Bow". Anza na "Wildfires". Hawa ndio sababu ya kununua faili badala ya kutegemea kusikiza mtandaoni: albamu yao ya 2021, "Nine", waliiweka kwa siku 99 kisha wakaiondoa. Aliyekuwa na faili alibaki nayo.

#18 Mtaa_wa_Tatu

Dada Wanja, kununua vipi sasa? Kadi ya benki sina. M-Pesa tu.

#19 Wanja_Muziki

Inawezekana. Hatua kwa hatua:

Washa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ndani ya programu ya M-Pesa au kwa *334#. Ni kadi ya Visa isiyo ya plastiki. Utapata namba ya kadi na tarehe yake. Weka pesa kwenye M-Pesa yako kwanza, bei pamoja na ziada kidogo, maana dola inabadilishwa kwa kiwango chao, si kile ulichokiona Google. Kisha fungua Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, kwenye kivinjari, si kwenye programu yake. Chagua albamu ya dijitali, andika bei. Ukifika kwenye malipo ndipo uombe ile namba ya siri ya tarakimu tatu, si mapema. Inadumu dakika 30 tu, na hilo ndilo kosa namba moja: mtu anaiomba, anaanza kusikiza nyimbo, anarudi baada ya saa nzima, malipo yanakataliwa, naye anadhani kadi ni mbovu.

Ukishalipa, kabla ya kushusha kuna kidirisha cha kuchagua aina ya faili. Ina MP3 za aina mbili, FLAC, WAV na nyingine. Chagua FLAC kama simu ina nafasi, MP3 320 kama haina. Unaweza kurudi baadaye ukashusha aina nyingine bila kulipa tena.

Ukitaka pesa nyingi zaidi zimfikie msanii, subiri Bandcamp Friday. Siku nyingine Bandcamp hukata asilimia 15 kwa faili. Siku hiyo haikati, inabaki gharama ya kupitisha malipo tu. Ilianza Machi 20, 2020, kwa ajili ya wasanii waliokosa jukwaa. Inafuata saa za California, kwa hivyo huku inaanza Ijumaa saa nne asubuhi hadi Jumamosi saa nne. Miezi ya baridi yao ni saa tano hadi saa tano. Ukinunua Ijumaa saa mbili asubuhi umewahi mno. Si kila mwezi tena, angalia tarehe zao.

Na kumbukeni Spotify haikuwa imefungua Kenya hadi Februari 2021. Aliyetaka hizi albamu mwaka zilipotoka alizitafuta kwingine, kama Bandcamp au YouTube.

#20 Korongo_Nyayo

Naongeza Nazar, "Guerrilla", Hyperdub, Machi 2020. Kuduro, yaani muziki wa dansi wa Angola, iliyokwaruzwa hadi ikawa kumbukumbu ya vita, na vita vyenyewe viliisha 2002. Ukiipenda Duma hii haitakutisha. Inataka besi halisi, chini ya hertzi 60 kuna mambo.

Na Songhoy Blues, bendi ya Mali, "Optimisme", Oktoba. Wimbo wa kwanza unaitwa "Badala". Si Kiswahili, ni Kisonghai, msiupe maana yetu.

#21 Kinanda_Umoja

Kwa wa santuri: za 2020 zinapatikana kwa kuagiza zaidi, Kenyatta Market utakuta za zamani. Angalieni urefu wa upande. Upande wa LP ukikaa dakika 18 hadi 20 ni sawa. Ukipita hapo mifereji inabanana, inakatwa kwa kiasi kidogo cha sauti, na vumbi linapanda juu ya muziki. "music for indigo" ni dakika 21 za gitaa la kimya. Santuri yake ioshwe hata ikiwa mpya.

Uzito wa sindano pia. Kichwa cha sindano aina ya AT-VM95 kinataka gramu 2.0. AT3600L, kile kilicho kwenye vicheza-santuri vingi vya bei ya chini, kinataka takriban gramu 3. Watu hupunguza hadi 2 wakidhani wanailinda santuri. Sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na ndiyo inayokwangua kuta. Nunua mizani ndogo ya vito, upime.

#22 Mtaa_wa_Tatu

Nimelipa, imekubali. Nimeshusha Duma FLAC, lakini simu inaonyesha faili moja tu yenye zip na haichezi.

#23 Wanja_Muziki

Ni bahasha, haijafunguliwa. Fungua Files ya Google, ibonyeze, chagua kuitoa. Hakikisha nafasi iliyobaki ni mara mbili ya ukubwa wake, maana kwa muda utakuwa nazo zote mbili. Zikishatoka nyimbo tisa, futa zip, hamishia folda ndani ya Music. Zikijipanga kwa alfabeti badala ya mpangilio wa albamu, kichezaji kinasoma jina la faili. Kibadilishe kisome namba ya wimbo.

#24 Mtaa_wa_Tatu

Zimetoka tisa. "Angels and Abysses" iko mbele. Natoa desibeli 3 pale kwenye 3,500 kama alivyosema MshikaSanturi, nivae waya.